Historia ya Mama Dorkasi Shemndolwa, Mtunza Vitabu wa Lushoto, na Kitabu cha Bi Zuhura

Mchungaji, wazee wa usharika, ndugu wa ukoo wa Shemndolwa, majirani wa Jegestal na Kwembago, Bwana Yesu asifiwe, na ninyi ndugu zetu Waislamu ambao jana mlifika kuchimba kaburi kabla baadhi yetu wenye msiba hatujanawa uso, asalaam aleikum. Familia imemtuma Timotheo, mdogo wake marehemu, awasomee historia ya maisha ya dada yake, na kwa kuwa marehemu ndiye aliyemfundisha huyu msomaji kusoma, tena kwa fimbo ya mpera kila aliporuka mistari, leo hakuna mstari utakaorukwa, hata ile ambayo familia ingependa irukwe.

Marehemu Dorkasi alizaliwa tarehe 14 Agosti 1924 katika kijiji cha Kwehangala, upande wa Bumbuli, akiwa mtoto wa pili kati ya watoto sita wa mzee Sefania, mkulima na mwinjilisti, na mama Rahabu, akabatizwa mwezi wa Oktoba mwaka huo huo. Tangu utotoni alikuwa mtu wa wasiwasi, na wasiwasi wake ulikuwa wa namna moja tu, nao ni kitu cha watu. Mama akiazima ungo kwa jirani, Dorkasi haketi mpaka ungo umerudi, na wazee wa Kwehangala mliopo hapa mnaikumbuka siku aliyourudisha ungo wa watu huku mvua inanyesha, akaufunika kwa nguo yake mwenyewe, akafika ametota chapachapa, ungo mkavu, kisha akaugua homa juma zima. Tulimcheka sana kwa jambo hilo, na yeye alikuwa akicheka pamoja nasi.

Alisoma shule ya misheni ya Bumbuli kuanzia Januari 1933 hadi Desemba 1940, akaendelea na mafunzo ya ualimu, akahitimu mwaka 1943 wakati wa vita vile vikuu, na kuanzia Januari 1944 alifundisha Mponde, kisha Soni, kisha Lushoto mjini, kwa jumla miaka kumi na tisa, na wengi wa hawa wanaume wazima wanaojifuta machozi kwa leso hapa mbele yangu walifutwa kamasi na yeye.

Tarehe 9 Januari 1947 alifunga ndoa na Nikodemo Shemndolwa, fundi seremala wa Soni, mtu wa maneno machache na mzaha mwingi, wakajaliwa watoto watatu, Mika aliyezaliwa mwaka 1948, ambaye ndiye aliyempa mama yake jina la Mama Mika tulilomzoea, Yunis aliyezaliwa mwaka 1951, ambaye ni mwalimu, na Efrazia aliyezaliwa mwaka 1954 akatutangulia akiwa na miezi saba. Nikodemo alifariki tarehe 22 Mei 1971, na tangu hapo marehemu aliishi na binti yake Yunis katika nyumba ya Jegestal, na mengi tutakayoyasoma hapa tumeyapata kwa Yunis, na mengine katika daftari ambalo marehemu aliliandika kila jioni, kwa maana alikuwa mtu asiyeweza kulala bila kuandika ni nini kimetoka na ni nini kimeingia.

Sasa tunafika kwenye kazi yake, na hapa ndipo historia hii ilipo. Nchi ilipokwisha kupata Uhuru, mwezi wa Machi 1963, halmashauri ilitoa chumba kimoja mjini kilichokuwa ghala la mbegu, ili kiwe chumba cha kusomea, na Mwalimu Dorkasi akaombwa aache chaki akavitunze vitabu. Nikodemo alichonga rafu kwa mbao za mkulo bila kudai ujira, marehemu akafagia punje za maharage zilizobaki, akapanga vitabu mia moja na kumi na mbili, na kwa miaka kumi iliyofuata aliviongeza kimoja kimoja, vingine kwa kuomba misheni, vingine kwa kuandika barua wizarani, mpaka vikafika mia sita thelathini na nane. Watu wa kisomo cha watu wazima walikuwa wakijaa mle kila alasiri, wazee kwa vijana, wengine wakifuata herufi kwa kidole, na yeye akipita nyuma yao kama alivyopita nyuma yetu, ila bila fimbo.

Tarehe 3 Septemba 1973 ilifika barua kutoka Tanga, ikieleza kwamba maktaba za mkoa zinaunda Umoja wa Kuazimana Vitabu, kwamba katika nchi ya ujamaa haifai Lushoto ilie njaa ya kitabu ambacho Pangani kinaliwa na mchwa, na kwamba msomaji wa maktaba yoyote iliyomo katika Umoja ataweza kuagiza kitabu kutoka maktaba nyingine yoyote, kikaletwa kwa gari na kurudishwa kwa gari. Marehemu aliisoma barua hiyo kwa furaha mpaka mstari wa mwisho, uliosema kwamba maktaba itakayopokelewa sharti iwe na vitabu visivyopungua elfu moja. Yunis anasema mama yake aliikunja barua, akaiweka chini ya sahani, akaifunua tena, akaisoma tena, kana kwamba zile mia tatu na sitini na mbili zilizopungua zingejitokeza zenyewe kwa kusomwa mara ya pili.

Hazikujitokeza, akaenda kuzitafuta. Kwa muda wa miezi minne, kila Jumamosi na kila baada ya kazi, alizunguka nyumba kwa nyumba, Ubiri, Soni, Mponde, Bumbuli, hadi Mlalo, akiwaomba watu wamruhusu kuviandikisha vitabu vyao kwenye orodha ya maktaba, huku vitabu vyenyewe vikibaki majumbani, masandukuni na kabatini kwa wenyewe. Kwa mawazo yake hapakuwa na hila, kwa kuwa mikutanoni tuliambiwa kila siku kwamba cha mmoja ni cha wote, naye alilichukua neno hilo jinsi lilivyo, wakati sisi wengine tulilipigia makofi na kwenda zetu. Ila watu si wajinga, waliuliza, kikiondoka kitarudi, na kwa kila mmoja alitoa ahadi kwa kinywa chake, akaandika jina la mwenyewe kwenye jalada kwa ndani kwa wino, akasema, "Kikipotea, unidai mimi, si serikali." Alitoa ahadi hiyo mara mia tatu sabini na moja.

Aliyekuwa mgumu kuliko wote alikuwa rafiki yake, Bi Zuhura binti Omari wa Kwembago, Mama Tatu, fundi cherehani mnayemfahamu, ambaye cherehani yake iko pale barazani karibu na soko. Yeye alikuwa na kitabu kimoja tu, kitabu cha ushonaji chenye picha za jinsi ya kukata nguo, alichoachiwa na marehemu mumewe, aliyekuwa fundi Tanga mjini, na pembeni mwa kila picha mume yule alikuwa ameandika kwa penseli vipimo na ujanja wake wote wa kazi. Bi Zuhura alisema, "Mama Mika, hicho si kitabu, hayo ni mazungumzo yangu na baba Tatu," naye marehemu akamrudia mara tatu, akambembeleza, akamwambia nani ataagiza kitabu cha kushona, kitakaa hapa hapa kwako, tunataka namba tu. Bi Zuhura akakubali kwa ajili ya urafiki, kikaandikwa namba mia tisa na nne.

Tarehe 11 Februari 1974 marehemu aliteremka Tanga na orodha ya vitabu elfu moja na tisa, Lushoto ikapokelewa katika Umoja, na alirudi na cheti akakitundika juu ya mlango. Mwezi wa Desemba mwaka huo mratibu wa Umoja, Ndugu Mbaraka, ambaye yupo nasi hapa, alikuja kukagua, akahesabu vitabu rafuni, akahesabu tena, akapata mia sita thelathini na nane, akaomba aonyeshwe vilivyobaki. Marehemu alimweleza ukweli wote. Ndugu Mbaraka akasema hajaona mambo kama hayo tangu azaliwe, lakini hatakuwa yeye wa kuifungia Lushoto nje, isipokuwa kwa sharti moja, kwamba kikipotea hata kitabu kimoja cha nyumbani, mpango huo utakuwa umekufa, na Lushoto itafutwa kwenye Umoja. Sharti hilo marehemu aliliandika kwenye daftari lake kwa herufi kubwa, akalipigia mistari miwili.

Na Umoja ulikuwa na faida, jambo hili lazima lisemwe. Kwa miaka minne vitabu zaidi ya elfu mbili vilipanda na kushuka mlima huu, bwana shamba wa Mponde alipata kitabu cha magonjwa ya viazi mvua ikiwa bado haijaisha, wanafunzi wetu walisoma vitabu ambavyo zamani vilikuwa vya watoto wa mjini, na mama mmoja wa Mlalo alimaliza kisomo akaagiza kitabu kutoka Muheza kwa mkono wake mwenyewe, marehemu akalia mbele ya watu. Kufutwa kwa Lushoto kungekuwa ni kuyarudisha hayo yote, naye alijua hivyo kuliko mtu yeyote, ndiyo maana mkosi ulipokuja ulimkuta mahali panapouma.

Mwezi wa Februari 1975 iliingia karatasi ya kuagiza kutoka kijiji kipya cha ujamaa cha Mwanzo Mpya, huko tambarare, ambako kikundi cha akina mama walikuwa wamepewa vyerehani vinne na hakuna aliyejua kukata nguo, wakiomba kitabu namba mia tisa na nne. Marehemu aliiweka karatasi hiyo mfukoni siku tisa. Kisha alikwenda Kwembago, na Bi Zuhura hakugomba, alikifunga kitabu katika kipande cha kanga, akasema tu, "Ahadi ni deni, Mama Mika," na tarehe 4 Machi 1975 kikateremka, kwa muda wa miezi mitatu.

Miezi mitatu ikaisha, kitabu hakikuonekana maktaba. Juni ikaisha, kitabu hakuna. Marehemu aliandika barua, akajibiwa kwa barua ya tarehe 30 Julai kwamba kitabu kilikwisha kurudishwa tangu tarehe 9 Juni, alipewa mtu wa Lushoto mwaminifu aliyekuwa akipanda na gari, na kwamba akina mama wanashukuru sana, sasa wanashona mpaka suruali. Aliandika tena kuuliza huyo mwaminifu ni nani, akajibiwa kwamba katibu aliyemkabidhi amehamishiwa kijiji kingine, na hakuna anayejua. Hapo ndipo amani ya dada yetu ilipokwisha, na sisi wa nyumbani mwake tulimwona anakonda, tukadhani ni ujane.

Alikwenda Mombo mara mbili na Korogwe mara moja, akawauliza makondakta, akawauliza wauza tiketi, akakagua mizigo iliyosahauliwa na abiria, na safari zote mbili za Mombo alipanda lori la mboga la Salimu, huyu Salimu dereva tunayemfahamu sote, akakaa kiti cha mbele kwa heshima, na njia nzima hakumwambia anakwenda kutafuta nini. Aliogopa. Alijua Lushoto neno halina miguu lakini hufika, na neno likishamfikia Bi Zuhura litawafikia wenye vitabu mia tatu sabini waliobaki, nao watavitoa vitabu vyao kwenye orodha, kisha litamfikia Ndugu Mbaraka. Kwa hiyo katika taarifa ya kila miezi mitatu aliyopeleka Tanga, mbele ya namba mia tisa na nne, aliandika maneno mawili, "Kimo njiani." Aliyaandika mara kumi na moja. Ndugu Mbaraka, familia inayasema haya mbele ya watu kwa sababu yeye hakuweza kuyasema, na inakuomba radhi kwa niaba yake.

Na Bi Zuhura je? Akawa anamkwepa. Mwanamke aliyekuwa akipita barazani pale kila siku ya Mungu, akasimama, akapokea kikombe, wakacheka mpaka wateja wakasubiri, sasa akawa anazunguka kwa njia ya nyuma ya soko, ile ya kando ya mto yenye utelezi, akifika kazini viatu vina tope, na kitambaa chake cha Krismasi akakipeleka Soni kikashonwe na fundi asiyemjua, gauni likarudi limembana kwapani, akalivaa hivyo hivyo. Mwezi wa Januari 1976 Bi Zuhura alimpelekea kikapu cha mapeasi. Marehemu alikiangalia kikapu kile kama barua ya mahakama, akamwambia Yunis, "Ananikumbusha," na kesho yake akarudisha kikapu na viazi juu yake. Bi Zuhura akaleta maharage, marehemu akarudisha kuku. Ikawa hivyo karibu mwaka mzima, vikapu vinapishana njiani na wenyewe hawaonani, na mtu ambaye angeuliza swali moja tu asingepoteza hata yai. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, lakini hawakusema habari za mtu anayeogopa jibu.

Mwezi wa Agosti 1977 alianza kuumwa kichwa na moyo kwenda mbio, akapimwa, akaambiwa ana shinikizo la damu, akapewa dawa na kuambiwa apunguze mawazo, jambo ambalo ni rahisi kumwambia mtu. Aliendelea na kazi hadi tarehe 24 Februari 1978, alipoanguka mbele ya rafu, akapelekwa hospitali ya Bumbuli, akalazwa. Kila gari lililosimama nje alikuwa akiuliza kama ni gari la vitabu.

Jumapili tarehe 12 Machi Bi Zuhura alisafiri kutoka Kwembago hadi Bumbuli kwenda kumwona, na chupa ya uji wa moto mkononi. Marehemu alipoisikia sauti yake nje ikiwaamkia wauguzi, aligeukia ukutani, akajifanya amelala. Yunis alikuwa ameketi pale, aliziona kope za mama yake zinacheza, akanyamaza kwa kumwonea aibu. Bi Zuhura akakaa kwenye kibenchi karibu saa nzima, akimwangalia mgongo, kisha akainuka taratibu, akasema, "Usimwamshe, mwanangu, mgonjwa akipata usingizi ni dawa. Mwambie Mama Tatu alikuja." Akaenda zake, uji ukabaki.

Jumanne tarehe 14 Machi marehemu alimwita Yunis, akamweleza yote, tangu karatasi ya kwanza hadi taarifa ya kumi na moja, akasema, "Nimemdhulumu mjane mwenzangu kitu ambacho mumewe alimwachia. Nenda ukaniombee radhi, mimi sina uso." Yunis akaahidi kwenda akipata mtu wa kumpokea zamu hospitalini. Alhamisi tarehe 16 Machi 1978, saa kumi na moja alfajiri, dada yetu akakata roho, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, na radhi ilikuwa haijaombwa.

Ndugu waombolezaji, mstari unaofuata ndio ule ambao familia ingependa urukwe, na ndio ambao marehemu angemchapa mdogo wake kama angeuruka. Jana Ijumaa asubuhi, Yunis na huyu anayewasomea walikwenda Kwembago, wakamkuta Bi Zuhura anafunga kanga aje msibani. Wakamwamkia shikamoo, wakaketi, Yunis akapiga magoti, akasema, mama amefariki akiwa na deni lako, kitabu chako kilipotea, alishindwa kukwambia, tunakuomba umsamehe. Bi Zuhura akamtazama kama mtu anayesemeshwa lugha ya mbali. Akauliza, "Kitabu gani?" Akaambiwa. Akainuka, akaenda kwenye cherehani yake ya nyumbani, akafungua droo, akakitoa, kimefungwa katika kipande kile kile cha kanga.

Akasema, "Mbona kipo siku zote! Salimu aliniletea hapa mlangoni, mwezi ule wa sita, mwaka wa tatu unakwenda kwisha sasa. Nikasema Mama Mika ana adabu kweli, kitabu kaja kukiazima mwenyewe, na kurudisha kanirudishia hadi mkononi. Mapeasi yalipoiva nikampelekea kumshukuru. Halafu nikaona ananikwepa, nikipeleka kikapu anakirudisha na kingine juu, kama hataki kitu changu kikae kwake. Nikajiuliza nimemkosea nini, Mungu wangu, nikaogopa kumwuliza." Kisha akaketi chini sakafuni, kitabu mapajani.

Salimu ameulizwa, na yupo hapa ameinamisha kichwa, na familia inamwomba akiinue. Katibu wa Mwanzo Mpya alimpa kitabu akipeleke Lushoto, akafungua jalada, akaona jina la Zuhura binti Omari, fundi aliyemshonea kanzu ya harusi, na kwa malezi yetu kitu cha mtu hupewa mwenyewe mkononi, hakitupwi ofisini wakati mwenyewe unapita mlangoni kwake. Sisi sote tungefanya hivyo. Alisema tu, "Mama nilimbeba mara mbili, kakaa hapa, pembeni yangu, angeniambia tu." Ndugu Mbaraka naye aliambiwa asubuhi hii, akavua kofia, akasema taarifa zile alikuwa akizijumlisha, hakuwahi kuisoma safu ile, na kwamba Lushoto haifutwi. Familia inashukuru, na familia imekasirika, na haijui imkasirikie nani. Miaka miwili na miezi tisa dada yetu alitembea na mzigo ambao haukuwepo, akapita njia ya tope kumkwepa mtu aliyekuwa anamngoja ampe kikombe. Inauma, na hatutasema kwamba haiumi.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu wanne, wadogo zake watatu, na chumba chenye vitabu mia saba na kumi na moja. Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Bumbuli kwa usiku na mchana walioutoa kwake, inawashukuru watumishi wenzake wa halmashauri na wa maktaba zote za Umoja waliosafiri kuja, Mchungaji na usharika, majirani waliokesha nasi na waliobeba maji na kuni, Salimu ambaye lori lake limeleta jeneza na halikutaka malipo, na wenye vitabu wote wa mlima huu waliomwamini. Inamshukuru Bi Zuhura, ambaye jana mchana alimshonea gauni alilolala nalo, naye ameomba tuseme kwamba safari hii halimbani mahali popote.

Kwa desturi yetu, hapa ndipo familia inapotangaza kwamba mwenye kumdai marehemu ajitokeze kabla hatujafukia kaburi. Tangazo hilo leo tunaligeuza, tunamwambia mwenyewe, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na haja ya kulisikia. Dada Dorkasi, tangu jana watu wanapita nyumba kwa nyumba na orodha yako mkononi, Ubiri, Soni, Mponde, mpaka Mlalo wamefika asubuhi hii, wameuliza lile swali uliloogopa kuuliza, na kila mlango umejibu neno moja. Hakuna anayekudai. Lala sasa usingizi wa kweli, dada yetu, pumzika kwa amani.